Janga linapotokea kazini: mwongozo kamili wa kutunza afya ya akili ya wafanyakazi

Mashine imemkata mtu mkono mbele ya wenzake. Majambazi wamevamia kaunta ikiwa imejaa wateja. Simu imepigwa alfajiri kusema mwenzenu amefariki usiku. Au uongozi umetangaza kwamba theluthi ya wafanyakazi wanaondoka mwisho wa mwezi. Matukio haya hayafanani, lakini yote huacha watu ambao kesho yake wanatarajiwa kurudi palepale, kukaa kiti kilekile na kufanya kazi ileile, ilhali akili bado haijakubali kilichotokea.

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa zamu, mkuu wa idara, afisa utumishi, na mwenye biashara ndogo anayebeba vyeo vyote hivyo peke yake. Si lazima uwe mnasihi. Watu wengi waliopitia tukio baya hupata nafuu ndani ya wiki chache bila tiba yoyote, mradi wawe salama, waambiwe ukweli, walale, na wawe karibu na watu wao. Kazi yako ni kuyalinda mambo hayo manne, kisha kuwatambua wale wachache ambao nafuu haiji ili wamfikie mtaalamu mapema. Makosa mengi tutakayoyataja hapa hufanywa na watu wenye nia njema walio na haraka.

## Karatasi moja, kabla ya lolote

Andaa karatasi moja iliyochapishwa. Isikae kwenye kompyuta pekee, maana siku ya moto au ya kukatika umeme kompyuta haifunguki. Iwe na namba za dharura, hospitali ya karibu yenye huduma ya magonjwa ya akili, na jina la mnasihi au mtaalamu wa saikolojia mliyekwisha kukubaliana naye malipo na muda wa kufika. Namba hizo zipigwe kweli mara 2 kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo iwe usiku. Namba ya ushauri nasaha inayopokelewa saa za ofisi tu haimsaidii mlinzi wa zamu ya usiku.

Orodha ya ndugu wa kupigiwa simu ihakikiwe kila miezi 6. Karibu kila mwajiri anayo, ila mara nyingi ilijazwa siku mtu alipoajiriwa na haikuguswa tena. Siku ya tukio habari za msiba zinapelekwa kwa mke waliyeachana zamani, huku mama mzazi akizipata habari mitandaoni.

Karatasi hiyo itaje pia watu 3 na wasaidizi wao: atakayeongea na familia, atakayeongea na wafanyakazi, na atakayeongea na waandishi wa habari na polisi. Ukimpa mtu mmoja yote matatu, familia itasubiri wakati yeye anajibu kamera. Chini kabisa andika chumba cha utulivu ni kipi: chenye mlango unaofungwa, viti, maji, na dirisha lisilotazama eneo la tukio.

Wasimamizi wafundishwe mapema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unapendekeza waziwazi mafunzo kwa wasimamizi, wajue kumtambua mfanyakazi aliyeelemewa na kumsaidia. Siku moja ya mafunzo ya msaada wa kwanza wa kisaikolojia, ikiwa na mazoezi ya kuigiza mazungumzo, inatosha kumwezesha msimamizi asiongeze madhara.

## Saa ya kwanza

Fuata mpangilio huu hata kama kila mtu anakuita upande wake.

1. Zima chanzo cha hatari, kisha waondoe watu mahali wanapoona damu, moto au mwili. Jicho linaloendelea kutazama linaendelea kukusanya picha zitakazorudi usiku. Funika eneo kwa turubai au lifunge.

2. Hesabu watu kwa orodha ya zamu. Wanaosahaulika ni walewale kila mara: wasafishaji, walinzi, madereva waliokuja kushusha mzigo, vibarua wa siku, na wageni.

3. Tumia hatua tatu za msaada wa kwanza wa kisaikolojia, zilizomo katika mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika ya War Trauma Foundation na World Vision: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini, nani ana mahitaji ya haraka, nani amepigwa na butwaa. Sikiliza anachohitaji sasa hivi. Muunganishe na ndugu, taarifa au huduma.

4. Mpe kila aliyeshtuka mtu mmoja wa kukaa naye. Watu sita wakimzunguka kila mmoja na ushauri wake, humzidishia.

5. Waruhusu wapige simu nyumbani kabla habari haijasambaa. Ukizuia simu ili "kulinda taarifa", ndugu watafika getini wakilia.

6. Asiendeshe gari mtu aliyekesha au anayetetemeka. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini kwa kiwango kinacholingana na pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Tafuta usafiri, na muulize: "Nyumbani utamkuta nani?" Jibu likiwa "hakuna mtu", mtafutie wa kulala naye usiku huo akikubali.

Kuhusu yule anayetetemeka au kuhema kwa kasi, kuna namna ya kumkaribia. Njoo kwa mbele, akuone. Jishushe hadi macho yenu yalingane, taja jina lake na lako, na uliza kabla ya kumgusa: "Naweza kukushika mkono?" Mtu aliyetoka kushambuliwa akishikwa begani kwa nyuma anaweza kupiga kelele au kurusha ngumi, wala si kosa lake. Mwombe akanyage sakafu kwa miguu yote miwili. Pumueni pamoja: kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4, kuitoa polepole kwa hesabu ya 6, kwa dakika 2 au 3. Kutoa pumzi kukizidi kuvuta, mapigo ya moyo hushuka. Kama macho yake yako mbali, kana kwamba bado yuko ndani ya tukio, mrudishe kwa milango ya fahamu: ataje vitu 5 anavyoviona, 4 anavyoweza kugusa, sauti 3, harufu 2, na ladha 1 mdomoni. Usimfunike mdomo kwa mfuko wa karatasi. Mbinu hiyo imeachwa kwa sababu inaweza kumnyima oksijeni mtu ambaye tatizo lake ni la moyo au mapafu. Na akilalamika maumivu ya kifua, ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali hadi daktari aseme vinginevyo. Usiamue wewe kwamba "ni hofu tu".

## Kuwaambia watu ukweli siku hiyohiyo

Uongozi ukinyamaza, uvumi ndio utakaoongea. Kosa la kawaida ni kusubiri hadi taarifa zote zikamilike. Hazikamiliki siku ya kwanza, na kila saa ya ukimya wafanyakazi wanaitafsiri kuwa kuna kinachofichwa.

Kutana na kila zamu ndani ya siku hiyohiyo, dakika 15 hadi 20, bila maikrofoni ikiwezekana. Aongee mtu wanayemjua. Maneno yawe na vipande vinne, kwa mfano hivi:

"Leo saa nne asubuhi gogo limeanguka kwenye mstari wa pili na kuwaumiza wenzetu wawili. Wote wako hospitali, familia zao zimejulishwa. Bado hatujui lilifunguka kwa nini. Uchunguzi umeanza, na mstari huo umefungwa hadi uishe. Mtu anaweza kukosa usingizi, kutetemeka, kukasirika au kusahau. Hali hizo ni za kawaida baada ya jambo kama hili. Nitarudi hapa leo saa kumi jioni na kesho saa mbili asubuhi kuwaeleza tulipofikia, hata kama hakuna jipya."

Kinachojulikana, kisichojulikana, hali ya kutarajia mwilini na akilini, na saa ya taarifa inayofuata. Hiyo saa ni ahadi. Ukifika saa kumi ukasema "hakuna jipya, tutakutana kesho", umejenga imani kubwa kuliko hotuba ya nusu saa. Ukikosa kutokea, umeibomoa.

Usimtaje majeruhi au marehemu kwa jina kabla familia haijaambiwa na kuridhia. Usiahidi usichokishika mkononi, hasa "hakuna atakayepoteza kazi". Na usitafute mkosaji mbele ya watu; aliyekuwa kwenye mashine siku hiyo tayari anajihukumu.

Kwa wale wanaofanyia kazi nyumbani au wako likizo, piga simu. Kuisoma tanzia ya jirani yako wa dawati kwenye kundi la WhatsApp, chini ya tangazo la mafuta ya kupikia, kunauma kwa namna isiyosahaulika.

## Usiwalazimishe wasimulie

Waajiri wengi, wakishatulia kidogo, huita mtaalamu akawakusanya wote ukumbini, kila mmoja akaeleza alichoona na alivyojisikia. Utaratibu wa namna hiyo ulienezwa na Jeffrey Mitchell wa Marekani mwaka 1983, akiwalenga wazima moto na watoa huduma za dharura, kisha ukahamia kila mahali. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo kwa mtu mmoja mmoja hakizuii ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, na baadhi ya waliopewa walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko ambao hawakupewa. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike.

Sababu inaeleweka ukiitazama kwa makini. Mtu ambaye mwili wake bado unadunda kwa hofu analazimishwa kuirudia picha. Aliyekuwa nje akasikia kishindo tu anapewa maelezo ya aliyeona, naye anaondoka na picha ambayo hakuwa nayo. Na aliyenyamaza anahesabiwa kuwa na tatizo.

Badala yake, fungua mlango bila kumsukuma mtu kuingia. Mnasihi awepo kwenye chumba kinachojulikana, kwa saa zinazojulikana, siku 3 hadi 5 mfululizo, na kuingia kusionwe na ofisi nzima. Anayetaka kuongea asikilizwe kwa muda wote anaotaka. Asiyetaka aachwe na kimya chake, ila asiachwe peke yake.

Wala vidonge si njia ya mkato. Dawa za kutuliza za kundi la benzodiazepini, ambazo watu hugawiana kwa moyo wa huruma, Shirika la Afya Duniani linashauri zisitumike kutibu dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza. Pombe nayo humlaza mtu na kumwamsha saa nane usiku.

## Nani ameguswa kweli?

Kesho yake, chora duara tatu kwenye karatasi, moja ndani ya nyingine.

Duara la ndani: walioumia, walioshuhudia, waliotoa huduma ya kwanza. Duara la kati: marafiki wa karibu, waliokuwa wawepo zamu hiyo wakaondoka, na wenye msiba mwingine wa hivi karibuni nyumbani. Duara la nje: wengine wote.

Uzito wa zoezi uko katika majina ambayo hakuna anayeyakumbuka. Aliyebadilishana zamu na marehemu. Msafishaji aliyefuta damu. Afisa utumishi aliyempigia simu mjane. Fundi wa kamera aliyelazimika kuitazama video mara kumi ili akate kipande cha polisi. Mpokezi aliyepokea simu za ndugu siku nzima huku akiwa hajui lolote. Waandike kwenye duara la ndani. Kazini watu hupimwa kwa cheo. Kiwewe hakiangalii mkataba, na kibarua wa siku moja anastahili chumba kilekile na mnasihi yuleyule.

Kila jina la duara la ndani na la kati lipewe mtu mmoja wa kumfuatilia. Mfuatiliaji mmoja asipewe zaidi ya watu 8. Akizidisha, atageuka karani wa kuweka alama ya vema.

## Mazungumzo ya ana kwa ana

Yafanyike ndani ya siku 3, kwa dakika 20 hadi 30, mahali pasipopitwa na watu. Kuuliza "uko sawa?" kwenye korido mbele ya wenzake ni kumwomba aseme "niko sawa". Haya ni mazungumzo ya msimamizi kijana na mtunza ghala aliyemzidi umri:

"Mzee wangu, pole. Nimekuomba tukae kidogo kwa sababu juzi ulikuwepo pale. Simu nimezima. Utakachoniambia kitabaki kwangu, isipokuwa nikiona maisha ya mtu yako hatarini. Hapo nitamhusisha mwingine, na nitakwambia kwanza."

"Nashukuru, kijana wangu. Mimi niko salama tu."

"Sawa, mzee. Usingizi je?"

"Usingizi ndiyo kazi. Nikifumba macho naisikia ile sauti."

"Unaisikia ile sauti."

"Kila usiku. Na jana nimekosea kuhesabu mzigo mara mbili."

"Pole sana. Wengi hupitia hali hiyo siku za mwanzo. Hapa kazini, ni kitu gani kinakuelemea zaidi kwa sasa?"

"Kupita pale mlangoni."

"Basi wiki hii pokea mzigo kwa mlango wa nyuma, na kwenye kuhesabu nikupe mtu wa kurudia hesabu pamoja nawe. Ijumaa tukae tena dakika kumi. Nyumbani uko na nani?"

Mipaka ya usiri imetajwa mwanzoni, kabla mzee hajasema lolote. Swali la usingizi limefungua mlango ambao "unajisikiaje?" usingefungua, kwa sababu kukosa usingizi hakuna aibu. Maneno yake yamerudishwa kwake kama yalivyo, bila kupambwa. Hakuulizwa kilichotokea. Akapata unafuu wa kazi unaoweza kuanza asubuhi ileile, na siku ya kukutana tena.

Yapo maneno ya kuyaacha kabisa: "jikaze", "mshukuru Mungu wewe mzima", "wenzio wameona makubwa zaidi", "najua unavyojisikia", "kaa mbali na mawazo". Kila mojawapo humwambia mtu anyamaze. "Pole" peke yake, kisha kimya cha sekunde kumi, hufanya kazi kubwa zaidi.

Andika baada ya mazungumzo, lakini andika kidogo: tarehe, unafuu wa kazi mliokubaliana, tarehe inayofuata. Usiandike "ana sonona" au "analia sana". Wewe si daktari, na karatasi hiyo siku moja itasomwa na mtu mwingine wakati wa kupandisha vyeo.

## Wiki ya kwanza: punguza kazi, usimwondoe mtu

Silika ya mwajiri mwema ni kumpa kila mtu likizo ya wiki mbili. Kwa wengine inafaa. Kwa wengi inawatenga na watu pekee wanaoelewa walichokiona, na kadiri siku zinavyopita kurudi kunazidi kuwa kugumu. Toa uchaguzi: likizo yenye malipo, siku fupi, au kazi nyingine kwa muda. Wanaokaa nyumbani wapigiwe simu kila siku 2, kuwajulia hali tu, bila kuuliza watarudi lini.

Kwa wanaobaki kazini, zamu isizidi saa 12 hata kama watu wamepungua, na kati ya zamu mbili uwepo muda usiopungua saa 11 wa kupumzika. Ondoa kwa wiki 1 au 2 kazi zinazodai umakini usiosamehe: kuendesha forklifti, kuhesabu fedha nyingi peke yako, kupanda juu. Akili iliyoshtuka husahau na huchelewa kuamua, na ajali ya pili hutokea hapo. Wasifanye kazi peke yao, hasa usiku. Tarehe za mwisho zisizo za lazima zisogezwe, na msogezo huo uandikwe. Ukiusema kwa mdomo tu, mtu atafanya kazi usiku akiogopa kwamba utasahau.

Mfanyakazi akikataa kurudi kwenye mashine au kaunta ileile, usimwite mkaidi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa ya papo kwa papo akiwa na sababu za msingi. Mwonyeshe kilichorekebishwa, kwa macho yake. Kisha mrudishe kwa hatua: siku ya kwanza apite tu akiwa na mwenzake, siku ya pili akae dakika 15 mashine ikiwa imezimwa, kisha iwashwe akiwa pembeni, kisha nusu zamu. Hatua ikimshinda, rudini moja nyuma, mrudie kesho.

## Wiki ya pili hadi ya nne: hapa ndipo watu hupotea

Maua yamenyauka, wageni wameondoka, uzalishaji umerudi. Watu wawili watatu bado wanateseka, sasa kwa siri, maana wanaona wenzao wanacheka.

Mfuatiliaji aonane tena na watu wake mwishoni mwa wiki ya 1, ya 2 na ya 4, dakika 10 zinatosha. Atazame mabadiliko ya mtu akilinganishwa na alivyokuwa kabla: aliyekuwa wa kwanza kufika sasa anachelewa, mcheshi amekuwa mkali, mtulivu ananuka pombe mchana, mwangalifu anaharibu kazi. Mtu anayeruka akisikia mlango ukibamizwa, anayezunguka jengo zima ili asipite mahali fulani, au anayeamka na jinamizi lilelile wiki nne baada ya tukio, anahitaji mtaalamu. Kipimo cha mwezi 1 kina maana: kabla ya hapo dalili nyingi ni mwili unaojiponya, zikivuka mwezi na kumzuia mtu kuishi, huenda ni ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, nao una tiba. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe kwa kushughulikia fikra na tabia, na ile ya kusogeza macho wakati wa kukumbuka, zimethibitika kusaidia. Zitajeni hizo kwa mtaalamu mnayemwajiri na muulize kama amefunzwa. Cheti cha unasihi wa jumla si lazima kiwe na mafunzo hayo.

Anayetaka kujipima anaweza kutumia dodoso la WHO-5 la Shirika la Afya Duniani, linalopima jinsi mtu anavyojisikia vizuri: maswali 5 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 5, jumla unaizidisha kwa 4. Akipata 50 au pungufu, ni vyema akamwone mtaalamu. Dodoso libaki mikononi mwake. Likikusanywa na ofisi ya utumishi, kila mtu atajaza kuwa ana furaha.

Kumpeleka mtu kwa mtaalamu si kumpa namba ya simu. Mwulize kama yuko radhi, mpigie mtaalamu simu yeye akiwa ameketi hapo, panga siku na saa, mpe ruhusa ya saa za kazi na nauli, na mueleze nani atalipa na nani atajua. Namba iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi huishia mfukoni.

## Swali lisiloepukika

Ukisikia "nimechoka na maisha", "mtapumzika nikiondoka", au ukaona mtu anagawa vitu vyake na kuaga, uliza wazi: "Je, umefikia kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, mara nyingi humtua mzigo. Akijibu ndiyo, uliza kama amepanga namna na wakati, na kama kitu cha kutumia anacho karibu.

Mwenye mpango haachwi peke yake hata kwenda msalani. Kitu hicho kiondolewe. Mpigie mtaalamu au huduma ya dharura, mjulishe ndugu anayemwamini, na umkabidhi mkono kwa mkono, si kwa ujumbe wa simu. Ikiwa ni mlinzi mwenye silaha, fundi anayeshika sumu, au mtu wa dawa hospitalini, funguo zikabidhiwe siku hiyohiyo, kwa heshima na kwa maelezo. Usikubali kumfichia siri hii. Ndiyo maana mipaka ya usiri inatajwa mwanzo wa kila mazungumzo.

Mwenzenu akifa kwa kujiua, semeni alivyofariki ikiwa familia imeridhia, ila msieleze njia wala mahali, wala msitaje sababu moja kana kwamba ndiyo yote. Maelezo ya njia huongeza hatari kwa mwingine aliyekwisha kuwaza hivyo.

## Dawati la marehemu

Vitu vidogo vya ofisi huumiza kwa muda mrefu. Jina lake kwenye ratiba ya zamu liondolewe kabla ratiba mpya haijabandikwa. Barua pepe yake iwekewe jibu na mtu, isiachwe iendelee kujibu "niko nje ya ofisi, nitarudi Jumatatu". Kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa kwenye mfumo izimwe. Vitu vyake vikusanywe na watu wawili waliomfahamu, viorodheshwe, viwekwe kwenye boksi safi na kupelekwa, si familia iitwe ije getini.

Kiti chake kisijazwe kesho yake, wala kisigeuzwe kaburi kwa mwaka mzima. Waulizeni waliokaa naye. Mara nyingi wiki 2 hadi 4 zinatosha, na kupanga upya madawati yote kunarahisisha kuliko kumweka mtu mpya palepale. Huyo mpya aambiwe ukweli kabla hajaketi.

## Janga likiwa ni kupunguzwa kazi

Hapa mwajiri ndiye aliyeleta pigo, kwa hiyo heshima inahesabiwa maradufu. Mtu aambiwe mwanzoni mwa wiki na mapema asubuhi, apate siku za kuuliza. Akiambiwa Ijumaa jioni anabaki na mshtuko siku mbili, ofisi zote zikiwa zimefungwa. Asiambiwe kwa ujumbe. Habari yenyewe iwe kwenye sentensi ya kwanza, bila utangulizi kuhusu hali ya soko. Aondoke na karatasi yenye siku ya mwisho, kiasi na tarehe ya malipo, bima inakoma lini, na nani atampa barua ya kazi. Aliyeshtuka hukumbuka sehemu ndogo tu ya alichoambiwa, kwa hiyo mpigie kesho yake mrudie. Na asisindikizwe na mlinzi kama mwizi. Wanaobaki wanatazama, na wanajifunza jinsi watakavyofanyiwa.

Wanaobaki nao hubeba hatia na hofu. Kutaneni nao siku hiyohiyo, muwaambie kama zoezi limekwisha au la. Kisha pitieni kazi za walioondoka moja moja na kuandika zipi zinafutwa. Usipofuta kazi yoyote, umemwekea aliyebaki kazi ya watu wawili, na kuchoka kwake baada ya miezi 3 usikuite uvivu.

## Msimamizi naye ni mtu

Aliyewafuatilia watu 8 kwa mwezi mzima amesikia mengi. Awe na mtu wa nje ya idara yake wa kuongea naye kila wiki kwa nusu saa, na awe na siku za kutokupokea simu baada ya kazi. Akianza kusema "hawa watu wanalalamika sana", yeye mwenyewe anahitaji kupumzishwa. Mpokeeni kazi hiyo bila kumlaumu.

## Miezi inayofuata

Kagueni tena orodha ya duara tatu mwezi wa 3, jina kwa jina. Kisha wekeni kwenye kalenda tarehe zinazofukua machungu: ripoti ya uchunguzi, siku ya mahakama, siku mashine mpya itakapowashwa, na siku mwaka utakapotimia. Wiki moja kabla, watu waambiwe. Ripoti isomwe kwanza na walioumia na familia, baadaye ndipo ibandikwe. Siku ya mwaka kutimia, asilazimishwe mtu kuhudhuria dua wala kusimama kimya, na asinyimwe ruhusa anayetaka kuwa mbali. King'ora cha majaribio kisipigwe kamwe bila tangazo la siku moja kabla, kwa zamu zote, na msimamizi awe amesimama sakafuni kinapolia, si ofisini.